Amepevuka, hajaiva: kwa nini kijana anautaka ukubwa na kuuogopa kwa wakati mmoja

Mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania huisha Novemba. Matokeo hutoka Januari, na waliochaguliwa kwenda kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Katikati hapo kuna miezi saba hivi ambayo vijana wa miaka 16, 17 na 18 wanakaa nyumbani bila sare, bila kengele, na bila mtu wa kuwaambia wao sasa ni nani. Asubuhi baba anamwambia mwanawe, "Wewe sasa mtu mzima, tafuta shughuli." Siku hiyohiyo akirudi saa mbili usiku anaulizwa, "Mtoto kama wewe unatoka wapi?" Akienda kusajili laini ya simu anaambiwa aje na mzazi. Njiani mtoto wa darasa la tatu anampa shikamoo, naye anabaki kucheka, hajui aitikie marahaba au apite kimya.

Malalamiko huanza hapo, pande zote mbili. Wazazi wanasema vijana wa siku hizi wanataka uhuru na majukumu hawayataki. Vijana wanasema hawaeleweki. Mmoja ataandika mtandaoni leo kwamba hawezi kusubiri kufika 18, na wiki ijayo ataandika kwamba anatamani kurudi darasa la pili, wasomaji wakamwona anaigiza. Haigizi. Hisia hizo mbili hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja, na kila moja ina chanzo kinachoeleweka mtu akiifungua taratibu.

Maneno kwanza

Kubalehe ni habari ya mwili: viungo vya uzazi vinaanza kufanya kazi. Msichana akipata hedhi ya kwanza husemwa amevunja ungo. Jambo hili lina mwanzo na mwisho, na daktari anaweza kulipima.

Ujana ni habari ya makubaliano, na vurugu linaanzia hapo. Shirika la Afya Duniani huwahesabu vijana balehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya takwimu zake, huhesabu vijana kuanzia 15 hadi 24. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inasema 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 na kukomea kabla ya kutimiza 35. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 nayo inasema aliye chini ya 18 ni mtoto. Kwa hiyo Mtanzania wa miaka 16 ni mtoto kwa sheria na kijana kwa sera, saa hiyohiyo, na katika kongamano la vijana anaweza kuketi karibu na mwenzake wa miaka 34 mwenye watoto watatu.

Mtu mzima ndilo neno zito kuliko yote. Mzima ni asiye na pungufu: chungu kizima hakina ufa, mgonjwa aliyepona ni mzima. Kijana hulisikia neno hilo kama tangazo la kukamilika, kisha anajitazama na kuona mapengo. Hofu nyingi huanzia kwenye neno lenyewe.

Kiswahili kina maneno mengine mawili yanayolieleza jambo hili vizuri zaidi, kupevuka na kuiva. Embe pevu limefikia ukubwa wake na kokwa limekomaa, lakini bado ni gumu na la kijani. Kuiva kunakuja baadaye, kunaanzia ndani karibu na kokwa na kutoka polepole kuelekea ganda, kwa hiyo anayelitazama kwa nje hakuoni. Mchuuzi anayeijua kazi yake huchuma embe pevu, akalivundika, likaiva vizuri. Akivundika embe changa, litalainika na kusinyaa, na utamu hautapatikana.

Mwili unatangulia

Kwa wasichana kubalehe huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14. Amri hutoka kwenye ubongo: sehemu iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa njegere, nayo ikaziamsha ovari au korodani. Kinachofuata kila mtu anakijua kwa macho. Katika mwaka wa kukua kwa kasi zaidi msichana huweza kuongezeka sentimita 8 hivi, mvulana 9 au zaidi, ila wavulana huchelewa kama miaka miwili. Mikono na miguu hutangulia kiwiliwili, ndiyo maana mvulana wa miaka 13 huangusha vikombe na kujikwaa kizingitini. Anayemcheka ajue tu kwamba mwili umebadilika vipimo kabla ubongo haujavizoea.

Kinacholeta maumivu ni tofauti ya kasi. Katika darasa moja la kidato cha kwanza utamkuta msichana mwenye umbo la mwanamke na mvulana mwenye sauti ya darasa la nne, na wote wana umri mmoja. Anayechelewa huona ameachwa. Anayetangulia ana tabu yake, hasa akiwa msichana: ana miaka 11 bado anataka kuruka kamba, lakini wanaume barabarani wameshaanza kumwita. Kwake ukubwa ulikuja pamoja na macho ya watu, kwa hiyo akivaa nguo pana na kuinamisha mabega, ana sababu. Mama anayemwambia "jinyooshe, unajikunja nini" angefanya vizuri kuuliza kwanza nani anamtazama, na wapi.

Watu hupenda kumaliza mazungumzo kwa kusema ni homoni. Mwaka 1904 mwanasaikolojia wa Marekani, G. Stanley Hall, aliueleza ujana kuwa ni kipindi cha tufani, na picha hiyo imeganda vichwani mwa watu mpaka leo. Tafiti za baadaye zimeipunguza makali: ni kweli kwamba ugomvi na wazazi, moyo kubadilikabadilika na kujihatarisha huongezeka katika umri huu, lakini si kwa kila kijana wala kwa kiwango kimoja. Homoni zinachangia. Na kutendewa kama mtu mzima asubuhi na kama mtoto jioni kunachangia pia, ingawa hakuna kipimo cha damu cha kukuonyesha hilo.

Ubongo, na uzushi wa miaka 25

Mtoto wa miaka 6 ana ubongo wenye takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kinachoendelea baada ya hapo ni matengenezo ya ndani. Njia zisizotumika hupogolewa, kama mkulima anavyopogoa mbuni ili nguvu iende kwenye matawi yenye kuzaa. Njia zinazotumika huvikwa ganda la mafuta, kama waya wa umeme unavyovikwa plastiki, ili ujumbe uende haraka bila kuvuja. Kazi hii huanzia nyuma ya ubongo na kumalizikia mbele, nyuma ya paji la uso, kwenye sehemu inayotusaidia kupanga, kusubiri na kujizuia. Lakini sehemu zinazoshughulika na msisimko na tuzo huwaka mapema, na huwaka sana katika umri wa balehe.

Kutokana na hayo ikazaliwa kauli kwamba ubongo "unakamilika" ukifika miaka 25. Hakuna swichi inayowashwa siku hiyo. Mabadiliko hayo huendelea polepole ndani ya miaka ya ishirini, mengine hata baada yake, na watu hutofautiana. Kauli hiyo ina hasara mbili: kijana wa 19 huitumia kama kinga ya kutowajibika, na mzazi huitumia kukataa kumsikiliza mtu wa miaka 23.

Utafiti uliofanyika katika nchi 11, Kenya ikiwemo, kwa zaidi ya watu 5,000 wenye umri wa miaka 10 hadi 30, unasaidia kulielewa jambo hili. Uwezo wa kufikiri kwa utulivu, kupima hoja bila haraka, hufikia kiwango cha mtu mzima karibu na miaka 16. Uwezo wa kujizuia moyo ukiwa umechemka huendelea kukua hata baada ya 18. Ni akili mbili zenye ratiba mbili. Kijana wa 16 anaweza kukaa mezani akakupigia hesabu ya duka bila kosa, na usiku huohuo akapanda pikipiki isiyo na taa kwa sababu wenzake wamemwambia hawezi.

Neno "wenzake" hapo lina uzito. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005 na Margo Gardner na Laurence Steinberg, watu waliendesha gari katika mchezo wa kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi walipotazamwa. Kwa wenye miaka 24 na zaidi, kutazamwa hakukuongeza hatari. Kila stendi ya bodaboda imeshaona jambo hilo: mvulana huyohuyo akiwa peke yake anaendesha taratibu, akipiga mishikaki na rafiki wawili anakuwa mtu mwingine.

Usingizi nao usisahaulike. Katika umri huu homoni ya usingizi huchelewa kutoka usiku, na mwili unahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Shule ya bweni inayoamsha saa kumi na nusu alfajiri baada ya kujisomea hadi saa nne usiku inampa kijana saa sita na nusu, na mtu aliyelala saa hizo mwaka mzima huliona kila jambo la kesho kuwa zito kuliko lilivyo.

Sheria haina umri mmoja

Hapa ndipo penye uzushi mkubwa kuliko wote, kwamba siku ya kutimiza miaka 18 mtu analala mtoto na kuamka mtu mzima. Kwa Tanzania Bara, aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa kosa la jinai, na kati ya 10 na 12 ni mpaka ithibitishwe kuwa alijua anachokifanya ni kosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia 14, ila kazi za hatari ni mwiko hadi 18. Tangu marekebisho ya 2019, wa miaka 15 anaweza kupima virusi vya Ukimwi bila ridhaa ya mzazi. Kura na kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, ni 18. Kugombea ubunge ni 21, urais ni 40. Ukivuka mpaka wa Namanga mambo yanabadilika: tangu Sheria ya Watoto ya 2022, uwajibikaji wa jinai nchini Kenya unaanzia 12, na mwenye 18 aliyejiandikisha kupiga kura anaweza kugombea ubunge.

Hata hiyo 18 yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Kenya ilishusha umri wa utu uzima kutoka 21 hadi 18 mwaka 1974. Uingereza ilifanya hivyo Januari 1970. Japani ilikuwa na 20 mpaka Aprili 2022. Hizi ni namba za watu waliokaa wakakubaliana.

Pale ambapo hawajakubaliana, anayeumia ni msichana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama ikapewa nafasi ya kuruhusu hata 14. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa 1998, ikasema kufanya mapenzi na msichana wa chini ya 18 ni kubaka hata akiridhia, kisha ikamweka kando mke aliyefika 15. Yaani kitendo kilekile ni jinai au si jinai kutegemea kama ndoa imefungwa. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alilipeleka suala la umri wa ndoa mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali.

Hoja inayorudiwa vijijini, kwamba aliyevunja ungo ameshakuwa, inachanganya kupevuka na kuiva. Mwili wenyewe unaikataa: nyonga ya msichana huendelea kupanuka miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza, na Shirika la Afya Duniani linasema akina mama wa miaka 10 hadi 19 wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wa 20 hadi 24. Huko ni kuvundika embe changa.

Dini na mila zina mizani zao

Kwa Waislamu wa pwani, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafi, sala na saumu humlazimu mtu akibalehe, na zisipoonekana dalili, akitimiza miaka 15 ya mwandamo. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo 15 hiyo ni kama miaka 14 na nusu kwa kalenda ya ukutani. Kijana huyu anabeba hesabu yake mwenyewe mbele ya Mungu miaka mitatu na nusu kabla Serikali haijamwamini na kura. Kwa Wakatoliki na Walutheri kipaimara hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Jando na unyago vilikuwa na kitu ambacho shule na NIDA hazina, yaani tarehe ya kumaliza yenye mashahidi. Mwali aliingia, akafundwa na kungwi kwa nyimbo na ngoma, akatolewa hadharani, na kuanzia siku hiyo kila mtu alijua amwite nani na amtake nini. Alikuwa na somo wa kumuuliza yale asiyoweza kumuuliza mama yake. Kwa Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, tohara ya wavulana bado hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na waliotahiriwa pamoja hubaki rika moja maisha yao yote. Kwa Waluo mvulana alijengewa nyumba yake ndogo, simba, ndani ya boma la baba: mkubwa kiasi cha kulala peke yake, mdogo kiasi cha kula jikoni kwa mama.

Sisemi turudi kulekule. Mtoto wa miaka 10 kufundishwa mambo ya chumbani si malezi, na kisu kimoja kwa vijana ishirini ni njia ya maradhi. Ukeketaji ni kosa la jinai, Tanzania tangu 1998 kwa walio chini ya 18 na Kenya kwa sheria ya 2011. Lakini tulipoziacha mila hizo tulitupa pia somo, rika na siku ya kutolewa, na mahali pake tumeweka mahafali yenye keki.

Mfuko ndio unaochelewa

Muulize kijana wa mjini utu uzima ni nini, atakuambia kuwa na geto lako. Basi tupige hesabu ya mfano. Chumba kimoja ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita: 360,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja: 60,000. Hiyo ni 420,000 kabla ya godoro, ndoo, pazia na mtungi mdogo wa gesi. Anayeweza kuweka akiba ya 3,000 kwa siku bila kukosa hata siku moja atahitaji siku 140 ili tu akabidhiwe funguo. Baba yake huenda alipata kazi ya kiwandani au shamba la ukoo akiwa na miaka 20. Mwana ana cheti kizuri kuliko cha baba, na bado anakula kwa shemeji.

Kwa sababu hiyo pengo kati ya mwili kupevuka na mfuko kuiva limekuwa refu. Msichana wa mjini anaweza kuvunja ungo akiwa na 12 na kuanza kujitegemea akiwa na 27. Miaka 15 ni muda mrefu wa kuitwa "unajiandaa".

Basi anajisikiaje?

Kwanza hamu. Anataka ufunguo, anataka kauli, anataka kutoka bila kuaga. Kwa mwenye miaka 15, miaka mitatu ijayo ni sawa na sehemu moja ya tano ya maisha yote aliyowahi kuishi; kwa mzazi wa miaka 45 ni sehemu moja ya kumi na tano. Mzazi akisema "subiri kidogo tu", kila mmoja anasikia muda wake.

Halafu hofu, na hofu hii sisi wakubwa tumeipika wenyewe. Kijana husikia misemo miwili nyumbani. Mmoja ni "ujana ni moshi, ukienda haurudi". Mwingine ni "ukubwa jalala". Ukiiweka pamoja, anaambiwa kwamba kinachoondoka ni cha thamani na kinachokuja ni mahali pa kutupia takataka. Kisha anamwona mama akihesabu ada usiku na baba akizima simu kwa sababu ya mdai. Ana haki ya kusita mlangoni.

Huzuni ndiyo isiyotajwa kabisa. Utoto hauagwi. Siku moja tu anaambiwa "umekuwa mkubwa, acha kucheza na watoto", msichana anaacha kumwegemea baba yake, mvulana anaambiwa mwanaume halii. Hakuna aliyemwuliza kama amemaliza kucheza. Kijana wa 16 anayetazama katuni peke yake mlango ukiwa umefungwa anaomboleza kidogo. Mwacheni.

Juu ya hayo kuna aibu inayotokana na kile ambacho mwanasaikolojia David Elkind alikieleza mwaka 1967: katika umri huu mtu huhisi kana kwamba ana hadhira inayomtazama wakati wote. Chunusi moja ni tangazo la taifa. Simu imeigeuza hadhira hiyo kuwa ya kweli, maana sasa anawaona wa umri wake waliofanikiwa, ama wanaojifanya wamefanikiwa, kila baada ya dakika tano.

Na kuna hasira ya aina yake, ambayo maandishi mengi ya ughaibuni hayaigusi kwa sababu maisha yao ni tofauti. Kwetu kijana hupewa kazi ya mtu mzima mapema na kauli ya mtu mzima baadaye sana. Binti wa miaka 14 anapika, anafua, analea mdogo wake na kumpeleka kliniki, lakini ikifika suala la kuuza kiwanja au kumhamisha shule, anaambiwa watoto watoke nje wakubwa wazungumze. Anayemwona amenuna akasema ni mvivu anayeogopa kazi, amekosea shabaha. Kazi anaifanya, lakini kauli hana.

Lini hofu inakuwa ugonjwa

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mmoja kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa hiyo kusema haya ni mambo ya Wazungu ni kujidanganya, ingawa si kila anayenuna ni mgonjwa. Hofu ya kawaida huja na kuondoka; leo analalamika, kesho anacheza mpira. Wasiwasi uanze hali ikidumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku: amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, halali au analala kutwa, hali chakula au anakula kupita kiasi, masomo yameporomoka, anajitenga hata na rafiki wa karibu.

Akisema hana faida ya kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani mahali anapofikia, na mfikishe kituo cha afya. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure Tanzania na Kenya.

Kumwivisha bila kumvundika

Gawanya ukubwa vipande vipande na utoe kimoja kimoja, kazi na kauli vikienda pamoja. Wa miaka 13 apewe mlo mmoja wa wiki: yeye aamue kipikwe nini, apewe fedha, aende sokoni. Atanunua nyanya zilizooza. Kosa la wazazi wengi ni kuingia katikati, "lete huku, utatuharibia", na hapo somo limekufa. Nyanya zilizooza ni ada nafuu. Wa miaka 15 akabidhiwe jambo la mwezi, kama luku au maji: salio likiisha kabla ya wakati, nyumba nzima ilale na mshumaa na mtu asimgombeze. Wa 16 aende hospitali akajieleze mwenyewe kwa daktari, mzazi akae kwenye benchi la nje. Wa 17 awepo wakubwa wanapozungumza, na aulizwe anaonaje kabla uamuzi haujapita.

Maamuzi ya moto yana kanuni yake. Kwa kuwa akili tulivu ya miaka 16 inafanya kazi, itumieni mapema, kabla moyo haujachemka. Kubalianeni nyumbani mchana kwamba akijikuta usiku mahali pasipo salama apige simu, atafuatwa, na maswali yatasubiri asubuhi. Ahadi hiyo huvunjwa na mzazi mara ya kwanza tu anapopiga kelele saa sita usiku. Mara ya pili simu haitapigwa.

Liko pia jambo dogo la makaratasi ambalo hupunguza hofu kuliko hotuba. Akiwa na 16, mketi mezani na cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba na fomu za kidato cha nne, mlinganishe herufi kwa herufi. Mohamed na Muhammad ni watu wawili machoni pa mfumo, na tarehe ya kuzaliwa iliyosogezwa mwaka mmoja ili aanze shule itarudi kumdai. Akifika 18 atajaza fomu ya NIDA, itagongwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji, ataambatanisha cheti cha kuzaliwa na vielelezo vya wazazi, kisha atachukuliwa alama za vidole, picha na saini. Namba atakayopewa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa, kwa hiyo kosa la tarehe litamfuata benki, kazini na kwenye laini ya simu. Likigunduliwa akiwa na 16, ni hati ya kiapo na safari moja au mbili za ofisi ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Likigunduliwa wiki ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo, foleni hiyo ataipanga na maelfu ya wenzake waliosubiri kama yeye.